Duru Mbili za Kengele ya Shangazi Etel

Barabara ya lami inafika kwetu Pusztaszeder na kufia hapo hapo. Basi hugeuza mbele ya kanisa, maana nyuma yetu ni msitu, na nyuma ya msitu ni mpaka. Mtaa ni mmoja, kijito kimoja, nyumba sitini na mbili. Zinazotoa moshi wakati wa baridi ni tisa. Nilipokuwa msichana tulikuwa watu mia nne na kumi. Sasa tuko kumi na mmoja, na mimi, mwenye miaka hamsini na tisa, ndiye kijana wao.

Kengele ya kanisa ilikuwa mikononi mwa Shangazi Etel Bognár tangu mumewe alipofariki. Aliipiga kila adhuhuri, na aliipiga mtu akifa: duru tatu kwa mwanamume, mbili kwa mwanamke. Zamani watu kwenye mizabibu waliacha majembe, wakahesabu, kisha wakaulizana ni nani. Ukiniuliza mimi, sensa yetu ya kweli ni hiyo. Ya serikali huja na kalamu tu.

Vuli iliyopita bega lilianza kumgomea. Akaniita jikoni kwake, akanimiminia pombe kali ya plamu.

"Rozál, kufa siogopi. Naogopa kufa kimya kama kuku. Utanipigia?"

"Shangazi, wewe utatuzika sote."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Tumebaki kumi na mmoja, timu kamili ya mpira, na golikipa ni Vendel asiyeweza hata kuinama. Nani mwingine atavuta kamba ile?"

Nikamwahidi. Akanifundisha majira yote ya baridi, na kamba ikanichubua viganja.

"Unavuta kama unakamua mbuzi," alikuwa akinicheka.

Mwezi wa tatu binti yangu akanipatia chumba mjini Győr. Moyo wangu ni mgonjwa, na gari la wagonjwa likiitwa huku hufika baada ya saa nzima. Nilijikaza nimwambie Shangazi, nikashindwa, siku zikapita. Nilimwambia jioni ya kuamkia safari. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso.

"Nenda, mwanangu. Moyo ni wako."

Nilitamani anitukane. Matusi ningeyabeba, lakini upole ule ulinilaza macho.

Asubuhi nikapanda basi la saa mbili. Dereva alikuwa bado anageuza gari, kengele ikalia. Ikalia duru moja, ikatulia, ikalia ya pili. Nikasubiri ya tatu, haikuja. Mzee Vendel akatoka nyumbani, kofia mkononi, na vikongwe wengine wakasimama malangoni kwao.

"Mwanamke," dereva akasema. "Nani kafariki?"

Mlango wa mnara ukafunguka, akatoka Shangazi Etel amelishika bega lake, amevaa gauni jeusi la mazishi.

"Etel, umechanganyikiwa?" Vendel akamuuliza. "Umempigia nani?"

"Mimi," akasema. "Nimejipigia mapema, wakati bado kuna watu wa kusikia."

Dereva akanigeukia, akingoja kuona kama nitashuka. Sikushuka.