Mtungi Kando ya Draya

Ndugu yangu mkubwa alikuwa fundi katika gereji ya shamba la chai, upande wa Boito. Mwanzoni mwa miaka ya sabini meneja alimpa kazi iliyomlevya kwa furaha: kulitengeneza gari lake dogo kwa mashindano ya kupanda mlima. Meneja alikuwa ameleta mtungi wa gesi, ileile ambayo madaktari wa meno huwanusisha wagonjwa. Ikiingia kwenye injini, gari linaruka.

Jioni ndugu yangu alitusomea masharti mpaka ugali ukapoa. Gesi haifunguliwi kabla mguu haujakanyaga mafuta hadi mwisho. Lazima petroli ya ziada iandamane nayo, kwa kipimo. Na mtungi haupashwi moto hata kidogo, kwa sababu gesi itatoka kwa nguvu na kuizidi petroli, na pistoni zitayeyuka. Mimi, mchuma chai, niliyajua hayo kuliko katekisimu. Baba hakuyasikia, alikuwa zamu ya usiku kiwandani, akilisha kuni tanuri la draya ya kukaushia chai.

Kwetu kila kilichoshikwa na baridi kilipelekwa kwa draya: makoti ya mvua, viatu vya watoto, hata vifaranga ndani ya kikapu. Alfajiri ya siku ya majaribio baba alipita gereji, akaugusa mtungi, akauona una baridi mno. Akaenda kuuweka penye makoti. Baadaye aliurudisha mwenyewe begani, mafundi wote wakitazama. Meneja alikuwa ameshapanda juu ya mlima kusubiri na saa yake ya kupimia mwendo.

"Hii kitu ililala na baridi," baba alisema. "Nimeipatia moto, sasa itafanya kazi."

Nilikuwa napita na kikapu mgongoni. Nilimwona ndugu yangu akiweka kiganja juu ya mtungi, kisha akakiondoa haraka. Mwanamume aliyetahiriwa hamkosoi baba yake mbele ya watu. Kwetu hilo halina mjadala, na mpaka leo linanikasirisha.

"Asante, baba," alisema.

Akaufunika mtungi kwa gunia lililolowa, akakawia kwenye boliti, akivuta wakati. Mafundi wakamtania kwamba anaogopa. Baba alibaki amesimama, akingoja kuona kazi ya moto wake. Basi ndugu yangu akaingia ndani ya gari.

Nilisikia injini ikipanda, halafu sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa gari, halafu chuma kikishikana. Magurudumu yalikwama kwenye kona iliyo juu ya mto, gari likaacha njia. Tulimtoa katikati ya mashina ya chai akiwa hapumui.

Wachumaji waliikataa mistari ya kona ile. Chai isiyochumwa huwa mti, na ile ikawa miti, ikatoa maua meupe. Nikipita hapo asubuhi ya ukungu bado naisikia sauti ile nyembamba. Naogopa, wala sioni haya kusema.

Hakuna aliyemwambia baba. Mafundi walijua, mama alijua kwa kinywa changu. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Baridi ikiingia, akisogea karibu na jiko, aliniuliza polepole huku akinitazama usoni:

"Wewe ulikuwa hapo. Unafikiri ningeiacha kwa moto kidogo zaidi, angefika?"