Chisense ya Kasuba

Mpaka leo, nikisikia harufu ya chisense, tule tusamaki tudogo, ikianikwa juani, meno yangu yanasaga muchanga ambao sikuula mimi. Aliula Kasuba.

Tulikuwa batoto ba Kabuta, kando ya ziwa, kazi yetu kufukuza ndege kwenye samaki za bamama. Kasuba alinipita kimo kidogo tu. Mama yake alikuwa amevuka kwenda Congo kuuza samaki, hakurudi; akabaki yeye na mudogo wake Mulenga, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua vizuri. Bote pale pwani balijua. Hakuna aliyeuliza banakula nini.

Ile siku Bana Kabwe, ni kusema mama ya Kabwe, mwenye samaki, akamushika na chisense mbichi ndani ya kitenge chake.

"Kabwalala! Mwizi!"

Bamama bakaacha nyavu, bakaja mbio kama banaitwa harusini.

"Musimupige," Bana Kabwe akasema. "Kama anapenda samaki zangu, azile zote. Hapa hapa, na muchanga wake."

Bakamuketisha. Mayo wee, alikula! Hakulia, hakuomba musamaha, alijaza tu mpaka mashavu yakavimba kama ya chura.

"Mumutazame, anasikia utamu!" Mama yangu alicheka akishika mbavu. "Hana hata haya. Ile ni damu, Bana Kabwe. Alizaliwa mwizi."

Bakamuachilia, akakimbia nyuma ya mitumbwi. Tukamufuata ili tumuzomee. Tukamukuta amepiga magoti, anatoa samaki mu kinywa chake, iliyotafunwa laini, anamulisha Mulenga kwa kidole. Muchanga alikuwa anautenga kwa ulimi, anaumeza yeye.

"Ameiba tena!" Bana Kabwe, aliyekuja nyuma yetu, akapiga kelele. "Nilisema ale yeye!"

Sasa bakamupiga, na makasia. Kesho yake Kasuba na Mulenga habakuonekana, na mutumbwi mumoja haukuonekana. "Si tulisema?" bamama bakaulizana, bakafurahi.

Mimi nilidhani kweli alikuwa hana haya. Nilikuja kuelewa wakati namutafunia mwanangu wa kwanza chakula, mwaka wa njaa. Kutafuna si kazi. Kazi ni kutomeza.

Juzi sokoni bameshika mutoto na samaki mbili. Aliyepiga kelele kupita bote ni muzee mumoja mwenye maboti: "Ni damu! Mumulishe muchanga!" Nawambia ninyi tu, nilimujua batu balipomuita jina. Ni Mulenga, na kinywa kile kile.