Picha ya Walimu

Edinah Kageha, fundi wa kushona nguo mtaani Huruma, hakuwahi kuiona sura ya baba yake. Mzee alifariki Edinah akiwa mchanga, na picha zake zote ziliteketea nyumba yao ilipoungua. Alijua tu kwamba alifundisha hesabu katika shule moja ya upili hapa Eldoret.

Mwaka huu alienda shuleni humo akaomba kuona majarida ya zamani. Katika lile la 1983 alikuta picha ya walimu, majina yamepangwa chini yake. Akahesabu hadi jina la baba, akafikia mwanamume mrefu mwenye tabasamu. Aliipiga picha kwa simu, na wiki nzima akawa anaitazama kila anapopumzisha cherehani.

Jumapili akampelekea mama yake picha hiyo kule kijijini Ziwa. Mama alivaa miwani, akaangalia kwa muda.

“Huyu ni Wakoli, mwalimu wa michezo. Walichanganya majina. Baba yako ni huyu mfupi wa kando.”

“Lakini amefumba macho, Mama.”

“Kamera ilikuwa inamtisha,” mama akasema, akicheka taratibu.

Edinah akaikuza picha, akaanza upya kumzoea baba yake.