Kapeti ya Dishon

Nimelala katika nyumba nyingi za Eastlands. Wiki moja niko mtaa wa Tena kwa binti wa dada yangu, wiki nyingine Kariobangi kwa wakwe, na katikati natembea tu. Kwa hiyo nawajua vijana wetu wengi waliotoka Bungoma kuja kutafuta, na wao huniita kuka, yaani babu. Leo nasema habari za mmoja, Dishon Nabiswa, na Jumapili alipotukaribisha kwake mara ya kwanza.

Dishon alipofika Nairobi hakuwa na pa kulala. Aliyempokea ni Opicho, rafiki yake wa shule ya msingi. Opicho ni mtu wa mjengo, wa kubeba mawe na kuchanganya simiti, na alikuwa na chumba cha mabati Kariobangi. Miaka mitatu walilala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Dishon akikosa kibarua, Opicho alimkatia nusu ya ugali wake, na hakuwahi kulitaja mbele ya watu. Mimi nimekula pale, nimeona.

Mwaka huu Dishon aliandikwa kazi ya kudumu kiwandani, akapanga chumba Kware, ghorofa ya sita, choo ndani. Alipaka ukuta rangi kwa mikono yake. Akanunua mapazia, viti vya plastiki, na kapeti ya manyoya, ya kijivu, nene mpaka mguu unazama.

Siku mbili kabla ya wageni, alinifuata kule Tena.

"Kuka, nina ombi. Nitachinja kuku. Firigisi ni yako, wewe ndiye mkubwa. Lakini siku hiyo niachie nimpe Opicho, mbele ya wote."

"Kwa nini?"

"Ajue sijasahau."

Nikamwambia ampe tu, mimi firigisi nimekula nyingi, na meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu. Alicheka akaenda akiwa mwepesi.

Jumapili nilipanda zile ngazi nikipumzika kila ghorofa. Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa mstari. Ndani walikuwako Wafula na mkewe Millicent, na Triza, dada yake Dishon, akigeuza ugali pale pembeni penye jiko. Wote miguu mitupu juu ya manyoya.

"Dishon, hii ni keja ya kulala mtu ama ni mgongo wa kondoo?" Wafula alikuwa akiuliza.

Dishon alinishika mkono. "Kuka, wewe ingia na viatu. Usiiname bure."

"Hapana," nikasema kwa sauti, maana nilitaka na mimi nisifiwe. "Sheria ya nyumba ni ya wote. Hata mzee avue."

Wakanipigia makofi. Nikavua. Soksi yangu ilikuwa na tundu, nikalikunja chini ya kidole, nikaketi.

Muda mfupi tu, Opicho akatokea mlangoni. Walikuwa wamemwaga zege tangu alfajiri, na alikuwa ametoka huko moja kwa moja. Shati lilikuwa safi, mkononi ana mkate na pakiti ya sukari. Lakini miguuni alikuwa na gambuti, vile viatu vya mpira vya kufika magotini. Mtu aliyeshinda ndani ya gambuti, kwa jua, bila soksi, anajua kilichomo. Aliangalia viatu vyetu, akaangalia kapeti.

"Vua hapo uingie, ndugu yangu!" Dishon aliita akiwa amegeukia sufuria. "Karibu kwako!"

"Nakuja," Opicho akasema. Hakusogea.

"Vua bwana, kwani umeficha dhahabu humo?" Wafula akamtania. "Hata kuka amevua!"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Opicho aliniangalia kidogo, akanyoosha mkono akaweka mkate na sukari kwenye kiti cha karibu, bila kukanyaga ndani. "Kuna simu sijapiga," akasema. "Niko hapo chini."

Chakula kikapakuliwa. Dishon aliiweka firigisi kwenye kisahani peke yake, akawa anaangalia mlango. Alipiga simu, haikushikwa. Nikasema wacha nimtazame.

Nilimkuta nyuma ya lango, kwenye bomba. Amevua gambuti, mkono uko kwenye mfereji, na maji hakuna. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, zimepasuka, simiti imezila. Aliponiona alirudisha gambuti haraka.

"Kuka, mwambie nimeitwa saiti, kwa mjengo."

"Panda, mwanangu. Ingia hivyo hivyo, nitasema mimi."

"Utasema nini? Kwamba huyu miguu inanuka, mruhusuni?" Hakuwa na hasira. "Si ulisema sheria ni ya wote? Nilikusikia nikiwa kwenye ngazi."

Nilikuwa nimeshuka bila kufunga kamba za viatu. Opicho akainama, akanifunga, kushoto na kulia, akaenda zake.

Nikapanda tena. "Ameitwa saiti," nikawaambia.

Dishon akaitikia kwa kichwa. Ni Triza aliyesema, polepole, "Hajaitwa popote. Kwani hukuona anatazama kapeti?"

Dishon alisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akaanza kuikunja kapeti. Tuliinua miguu, sahani mikononi, naye akaikunja yote akaisimamisha nje ukutani. Akatia kuku kwenye hotpoti, firigisi juu, akateremka kumfuata Kariobangi.

Tulikula juu ya sakafu tupu.

"Lakini ulikuwa mchezo tu," Wafula akasema.

Dishon alirudi baada ya muda mrefu. Hotpoti ilikuwa nzito vile vile.

"Amesema ameshiba," akatuambia, akaketi.

Hapo ndipo ningesema ya kwangu: kwamba kijana huyu aliniambia niingie na viatu nikakataa, na kama ningeingia navyo, Opicho angeingia nyuma yangu. Nilifungua mdomo.

"Kuka, tuombee nyumba ndiyo tuachane," Millicent akasema.

Wakainamisha vichwa. Nikasimama, nikaomba. Sikumbuki niliomba nini. Ninalojua ni kwamba lile sikulisema, na Dishon hadi leo anadhani kosa ni lake peke yake.