Ndege ya Mzee Mahamudu

Dada yangu Hajra hupamba maharusi Nachingwea mjini. Hina yake inatafutwa mpaka Ruangwa, na mimi Zulfa, mdogo wake, sioni haya kumsifu. Mkono ule hautetemeki.

Baba yetu, Mzee Mahamudu, alifanya kazi uwanja wa ndege: alifyeka nyasi, na ndege ikitaka kutua alifukuza mbuzi. Alipenda kutusimulia habari za ndege moja nyeupe yenye mstari wa kijani na pangaboi mbili, iliyoleta daktari siku ya mvua kubwa, naye akaiongoza itue kwa kupunga shuka. Selestini wa Nkowe, mtani wa ukoo wetu, hakuamini hata siku moja. Tukikutana msibani au harusini, alitangaza kwamba ndege ya Mahamudu ilikuwa kunguru. Baba alicheka tu, kwa kuwa mtani hanuniwi. Hajra yalimchoma. Baba alipofariki mwaka huu, akaapa kuwa arobaini haitapita bila watu kuiona ndege ile. Siku hiyo watani ndio huigiza marehemu, na hakutaka baba aigizwe kama mwongo.

Binamu yetu Hamidi akampatia Kariakoo ndege ndogo ya mfano, ya kuunganisha mwenyewe, kwenye boksi lililopasuka. Vilikuwa vipande vya plastiki ya kijivu, vimeshikana kwenye fremu zake. Unavikata, unavibandika kwa gundi. Picha ya boksi ilikuwa ya ndege ya jeshi, lakini pangaboi zilikuwa mbili, na hilo lilimtosha. Akaacha kupokea maharusi. Akawa anakata kwa wembe na kusugua kwa msasa, na mimi nikisogea ananifukuza kama kuku.

Kisha akafanya kosa la mpamba maharusi: bawa akalipaka rangi nyeupe ya kucha. Plastiki ikalainika, ikajikunja kama utando wa maziwa. Alilia, sitaficha. Nikamwambia aache, iwe kunguru isiwe kunguru, baba kashazikwa. Akalianika bawa. Alingoja likauke, akalisugua upya hadi likanyooka, akanunua rangi ya mafuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaipaka nyembamba nyembamba. Mstari wa kijani aliuchora kwa koni, vilevile anavyochora hina, bila kuinua mkono. Nilipouona sikumwambia tena aache.

Arobaini tuliifanya kwetu Nandagala. Selestini aliingia uani na shuka begani, akichechemea kama baba na kufukuza mbuzi wasiokuwepo. Watu wakavunjika mbavu. Mara akaiona ndege mezani, akaichukua, maana mtani akishika kitu chako ni chake mpaka ukikomboe. Nikamtazama Hajra. Alikuwa ameuma pindo la kanga.

Selestini aliigeuzageuza ndege, akapitisha kidole juu ya mstari, akauliza nani kaitengeneza. Akaambiwa. Akakohoa, kisha akadai jogoo.

"Siikomboi, mtani," Hajra akamwambia. "Kaa nayo. Ila watu wa Nkowe wakikuuliza ni ndege gani, utawajibu mwenyewe."

Safari hii watu wakamcheka yeye. Selestini aliifunga ile ndege kwenye shuka taratibu, akaondoka nayo. Mimi nilikasirika kuliko Hajra. Kazi yote ile kumwachia mtu wa dhihaka! Nikamwambia hivyo. Akasema nimpikie chai.

Juzi nilipita Nkowe kwa bodaboda, nikashuka kwenye duka la Selestini. Ndege ipo kwenye rafu, imepanguswa vumbi. Mteja mmoja alinyoosha mkono kuishika, Selestini akamkaripia. Hakujua kama niko mlangoni.

"Iache hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo ilimleta daktari. Mvua inanyesha, huoni kitu, na Mahamudu akaiongoza mpaka chini kwa shuka."