Mtoto wa Mfinyanzi Aliyekula Udongo

Jua la asubuhi limeanza kuuma kijijini Ihumwa, na Yudith Mazengo ana udongo hadi viwikoni. Anazungusha kidole kilicholowa kwenye mdomo wa chungu. Ghafla anafoka: "We Paulina! Shuka huko!"

Binti yake wa miaka sita yuko juu ya ua wa zizi la mbuzi, anacheka. Yudith anashindwa kununa, naye anacheka. Mwaka jana, 1993, mtoto huyu kuvuka kizingiti tu ilikuwa kazi.

"Alikuwa mtulivu mno," anasema. Alishinda kando ya mama yake, akimega udongo wa vyungu na kuula. Nyumba nzima ilifurahi! Kwao, mtoto anayeupenda udongo ameirithi kazi, na aliyesifu kuliko wote ni mama mkwe, fundi aliyemfundisha Yudith kufinyanga.

"Mama alisema, 'Mwacheni mjukuu wangu, mikono yangu imepata mrithi.' Basi nikawa namchagulia donge laini, lisilo na mchanga. Mimi mwenyewe!"

Viganja vya mtoto vilipopauka na pumzi kuanza kumpaa, Yudith alimbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi, Salha, alimshusha ukope, akatikisa kichwa.

"Mama Paulina, mtoto hana damu. Huo udongo anaula kwa sababu anaumwa. Ungekawia, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Yudith.

Paulina alipewa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Agizo gumu lilikuwa la kumlisha maini, kwani hapa mbuzi akichinjwa, maini ni ya wanaume. Mama mkwe, kwa uchungu wa kumsifia mtoto kula udongo, alikwenda mwenyewe kwenye kikao chao akanyoosha bakuli.

"Nani angemnyima mama yule?" Yudith anacheka hadi machozi. "Ulimi wake ni pilipili."

Tangu ndoo za plastiki zijae madukani, vyungu vyake vya maji havitoki kama zamani. Hilo halimkoseshi usingizi. "Biashara ikifa nitalima. Mtoto angekufa, ningelima nini?"

Anangoja mwakani amwandikishe Paulina shule. "Aende akawasumbue huko. Mwalimu akiniita kuniambia mwanangu hatulii, nitakwenda mbio, nimwombe ayarudie maneno hayo."