Kiganja Kilichokatwa Ukutani

Nilikipiga kile kijitabu mezani kwa nguvu hata mwanangu akaamka mgongoni akaanza kulia.

"Dada yangu, taratibu," afisa utamaduni akasema. "Kimetoka Japani hicho. Mali ya ofisi."

"Na ukuta uliomo humu ni mali ya nani?"

Alikuwa ameniita Tabora kwa nia njema. Kijijini kwetu mwanamke aliyefika sekondari ni mimi peke yangu, akataka nisome kile Kiingereza, niwaeleze wenzangu kwamba njia ya misafara, ile tunayopita kwenda kuchota maji, sasa inajulikana ng'ambo. Nikafunua, nikakutana na alama ya kiganja cha mwanangu wa kwanza. Kipande cha ukuta wangu kimekatwa mraba, kimewekwa ndani ya kioo, kinamulikwa taa kama dhahabu ya sonara. Chini yake wameandika: Mkono wa mtoto asiyejulikana.

Asiyejulikana! Nimemzaa mimi.

Nilikuwa nakandika nyumba baada ya mvua, naye ananisumbua. Nikaushika mkono wake nikaubandika kwenye udongo mbichi ili atulie. Akacheka, akataka tena. Nikamkatalia, udongo ulikuwa unakauka. Hilo la kumkatalia halinitoki. Surua ilimchukua kabla ya mavuno. Picha hatukuwa nayo. Mpiga picha alikuwa mtaa wa Mtendeni, Tabora, na kila tulipokwenda mjini tulisema safari ijayo.

Kisha tukaambiwa tuhamie kijiji cha Ujamaa. Lori likabeba vitanda, kuku na vinu. Ukuta haupakiwi. Basi nikipata nafasi nilitembea saa nzima kurudi mahameni, kwenye nyumba zetu za zamani, naweka mkono wangu kando ya ule wake, naondoka.

Huko ndiko nilikokutana na yule msanii. Watoto walikuwa wakimfuata, "Mchina wa reli! Mchina wa reli!" naye anawajibu, "Mchina hapana. Japani." Wanacheka, wanaanza upya. Alikuwa akiifuata njia ya misafara kwa miguu, na mkoba wa vifaa begani. Nilimpa maji kwenye kibuyu, akapokea kwa mikono miwili, akainama. Adabu ile ikanipendeza. Nikamwonyesha ukuta, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba mwanangu amefariki. Akauliza jina la mtoto, akaliandika kwenye daftari, akanisomea aone kama kapatia. Hakupatia. Nikamsahihisha mwenyewe.

Niliporudi tena nilikuta tundu la mraba, unaona vichaka upande wa pili.

Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Yule Mchina kaomba udongo wa mahame, tumempa. Udongo tu, mama! Kwani Tabora nzima umekwisha?" Waliokuwa naye wakaangua kicheko. Nikageuka, nikaenda zangu. Zaidi ya mwaka nilinyamaza, nikijipa moyo kwamba huko alikoupeleka, jina lipo.

Sasa nikayasoma maisha yake pale ofisini, kurasa nne nzima. Baba yake alikuwa fundi wa kukarabati kuta za mahekalu, akamfundisha kubandua lipu kuukuu kwa karatasi nyembamba ya shashi na gundi bila kuivunja. Akawa mchoraji, hakuna aliyemtazama. Akazichoma picha zake zote hadharani. Ndipo akaanza kukusanya alama za watu waliotoweka: nyayo kwenye saruji, mikwaruzo kwenye milango. Bado watu walipita tu. Ulipofika ukuta wa Tabora, wakapanga foleni. Miji ya Ulaya ikamwita, chuo kikampa ualimu. Kazi iliyomfanya ajulikane duniani, kimesema kijitabu. Hapo nilisoma mara mbili.

"Ungefurahi," afisa akaniambia. "Mtoto wa kwetu yuko Japani, ndani ya kioo! Mimi mwenyewe Dodoma sijafika. Halafu ile nyumba mliiacha."

"Hatukuiacha. Tulihamishwa. Nipe karatasi."

"Ya nini tena?"

"Ya malalamiko."

Nikaandika palepale kwenye benchi, mtoto ananyonya, nikasimama mezani mpaka ikagongwa muhuri. Majina nimeyaacha kwenye barua, hapa siyataji. Maneno mengine ni haya:

Ndugu Afisa,

YAH: KUKATWA UKUTA WA NYUMBA YANGU

Nalalamika kwamba msanii kutoka Japani, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, alikata ukuta wa nyumba yangu bila kuniuliza, ilhali ananijua na maji yangu alikunywa. Nyumba hiyo sikuiacha. Nilihamishwa kwa lori la serikali. Mtoto aliyeitwa asiyejulikana anajulikana. Jina lake nimeliandika hapa kwa herufi kubwa, na msanii analo kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Naomba ofisi imwandikie aurudishe ukuta. Ukivunjika njiani, uletwe hivyo hivyo ulivyovunjika. Na kabla haujafika, yale maneno yaliyo chini ya kioo yafutwe, liwekwe jina. Siombi kitu kingine.

Mimi mama yake.